Jina la Mla Mguu

9 Januari

Mpwa wangu Bi Maswali,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Mimi mkono wangu umezoea nyundo na sindano ya makochi, kalamu tunaheshimiana kwa mbali. Ila simu sina imani nayo. Kwenye simu mtu anakukatiza. Umefika pale chui anaporuka, mwenzako anauliza watoto hawajambo. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza, hata wewe, uliyeanza kusema "kwa nini" kabla hujajua kusema "mama".

Habari ni ya mguu. Ule wa kulia, unaoujua, uliokuwa ukiupanda kama farasi. Miaka kadhaa sasa ulikuwa na kivimbe kwenye unyayo. Nilikidharau, nacho kikaona kimepata uwanja. Leo mguu umefura mpaka kiatu cha kulia kimebaki kuwa pambo la dirishani. Na una matundu. Kwenye matundu unatoka usaha wenye vipunje vyeusi, vigumu, kama baruti. Mtu mwingine angelia. Mimi nimewatangazia mafundi wenzangu kwamba mwili wangu umefungua kiwanda cha risasi, na yeyote aliyeazima nyundo yangu asiirudishe ajihadhari.

Nimetibiwa kifua kikuu cha mfupa ambacho sikuwa nacho. Nimetibiwa na mengine ambayo hata aliyeniandikia dawa hakuyaamini. Vidonge nilivyomeza ungevishindilia kwenye gunia vingetosha kujaza kochi la watu watatu, na mito yake. Sasa hospitali kubwa imeletewa daktari mpya wa upasuaji, kijana mrefu, mpole wa sauti, mimi namwita Bwana Msumeno. Aliutazama mguu wangu kwa muda mfupi kuliko ninavyotazama kochi la kubadilishwa kitambaa tu, akasema dawa ni kuukata, hapa juu ya kifundo. Nikamuuliza unaukata kwa kosa la nani. Akasema ni fangasi fulani. Nikauliza fulani gani. Akasema kwa hali ilipofika, haijalishi.

Hapo ndipo tulipokosana. Nikamwambia, "Daktari, hata mwizi wa kuku anasomewa jina lake kabla ya kufungwa. Wewe unanyonga mguu, na mshtakiwa humjui."

Wodi nzima ilicheka. Wengine walipiga makofi, na mmoja aliyekuwa hoi tangu wiki iliyopita aliketi akaomba uji. Sikusaini.

Ndipo nikakukumbuka. Dada yangu, mama yako, hamalizi siku bila kujisifu kwamba mwanawe yuko maabara kubwa, anautambua ukungu kwa sura kama mimi ninavyotambua kitambaa kwa kukigusa. Basi nakutumia risasi zangu kwa mkono wa dereva wa basi. Kuhusu usafi usiwe na wasiwasi. Sikutaka wenzako waseme Bi Maswali ana mjomba mchafu. Mguu nimeusugua kwa sabuni ya kufulia, nikaumwagia spiriti, na kichupa chenyewe nimekijaza spiriti hadi shingoni. Humo hakuna kijidudu kitakachothubutu.

Wakikuuliza ugonjwa niliupataje, waambie ni mwiba, nilipokuwa namfukuza chui. Kisa chenyewe unakijua. Chui alinusurika.

Mjomba wako, asimamaye kwa miguu miwili,
Jemadari wa Makochi


28 Januari

Mjomba, shikamoo.

Kichupa kimefika salama. Nimekifungua mwenyewe, nikaweka punje moja chini ya hadubini, nikacheka, nikakasirika, nikacheka tena. Mjomba, umeniletea maiti.

Ndani ya ile punje nimeona nyuzi za rangi ya kahawia, zimesukana na kushikana kama katani iliyokaa miaka kwenye kochi. Kwa hiyo ni ukungu kweli, hapo Bwana Msumeno hakukosea. Tatizo ni kwamba ukungu wa namna hiyo uko wa aina nyingi, na ukishaingia kwenye nyama ya mtu wote unavaa sare moja. Ili niutambue ni upi, lazima niuoteshe. Nauweka kwenye kisahani chenye chakula kama jeli, naungoja ukue, utoe mbegu, kisha naangalia mbegu zake. Maiti haioti. Spiriti yako imeua kila kilicho hai, na mimi nilikihitaji kikiwa hai.

Tafadhali nenda zahanati, mwombe muuguzi atoe punje mpya kutoka ndani ya tundu, aziweke kwenye maji ya dripu. Hayo tu. Bila spiriti. Usimsaidie.

Ulimuuliza daktari jina, akasema haijalishi. Mimi nasema linajalisha. Kuna vidonge ambavyo karibu kila mwenye mguu kama wako huandikiwa, na kwa ukungu uliozoeleka vinasaidia. Lakini kuna jamaa zake wa nadra ambao wanavila kama peremende. Tusipojua uliye naye ni yupi, utameza mwaka mzima huku mguu unaliwa, na mwishoni msumeno utakuwa ndio wenye haki.

Swali langu sasa, na nakuuliza kama mtu wa maabara, si kama mtoto wa dada yako. Nini kilikuchoma? Ukungu huu haukuzaliwa mguuni. Kwao ni kwenye miti, majani yaliyokufa, udongo. Uliingia pamoja na kilichokuchoma, na nikikijua nitajua pa kuanzia. Chui sina pa kumwandika. Isitoshe mama anasema ulipokisimulia kwenye harusi ya kaka, chui alikuwa mamba.

Msalimie mkaza mjomba.

Mpwa wako,
Bi Maswali


5 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Ya kuniita mleta maiti nimeyasamehe kwa sababu ya elimu yako.

Nimefanya ulivyoagiza. Muuguzi ni binti mdogo mwenye mikono ya mwizi wa mfukoni, alichota risasi nisijue kama ameanza. Aliniuliza kama inauma. Nikamwambia binti, mimi niliwahi kushona kidole changu mwenyewe kwenye mkono wa kochi, nikamalizia mshono ndipo nikachomoa kidole, maana mteja alikuwa mlangoni. Alinitazama kwa heshima. Kichupa hakina spiriti hata harufu yake. Mke wangu alisimama kati yangu na kabati la spiriti mpaka dereva wa basi alipokichukua.

Bwana Msumeno amenipa vile vidonge vyako vya peremende na tarehe ya kukata visiposaidia: mwisho wa Mei. Ameiandika kwenye kalenda ya ukutani na kuizungushia duara, kama mtu anayengoja sikukuu. Nikamwambia namfahamisha mapema kwamba siku hiyo nina shughuli. Akauliza shughuli gani. Nikasema nitakuwa natembea.

Kazini naendelea kama kawaida. Nimebadilisha utaratibu kidogo: mke wangu ndiye anayepiga magoti chini ya kochi na kuvuta kitambaa, mimi nakaa kwenye benchi langu napiga pini. Wateja wanasema kazi imekuwa safi zaidi. Mmoja aliniuliza mguu una nini, nikamwambia umenenepa kwa raha.

Sasa la kuchomwa. Mama yako amesema kweli na mimi nimesema kweli. Chui alikuwa asubuhi, mamba alikuwa mchana wa siku hiyohiyo. Nilimkimbia yule mamba ndani ya matete, si kwa woga, ila nilikuwa nimevaa suruali mpya. Tete lililovunjika likaniingia unyayoni. Basi andika tete. Kama maabara inataka miiba nayo, andika vyote viwili, mguu ni mpana.

Mjomba wako, mwenye miguu miwili na shughuli mwisho wa Mei,
Jemadari wa Makochi


20 Machi

Mjomba, shikamoo.

Ameota.

Alichelewa mpaka nikadhani umeshatia spiriti tena. Halafu asubuhi moja kisahani kilikuwa na doa la kijivu, dogo kama kichwa cha pini yako. Sasa limetanda. Juu ni kama velveti, chini ni jeusi tii, na katikati limejikunja kama pale unapobana kifungo kwenye mgongo wa kochi. Ungelipenda. Ungesema ni kazi yako.

Lakini halitoi mbegu. Mjomba, ukungu usio na mbegu ni mtu aliyenipa kisogo. Naliona shati, uso siuoni. Mashine ya kusoma vinasaba tunayo, ila dawa zake zimeisha na mzigo mwingine hautafika kabla ya lile duara la kwenye kalenda. Yamebaki macho yangu.

Mkuu wetu wa maabara alipita, akainua kisahani kwenye mwanga, akasema huo ni uchafu wa hewani, nitupe. Kwetu hapa kisichotoa mbegu muda wake ukipita huenda kwenye tanuri la mvuke, ndio utaratibu, na mimi mwenyewe nimetupa vingi bila kuuliza. Nikamwambia hiki sitatupa. Sijawahi kumjibu hivyo mtu yeyote pale, hata sauti ilinitoka ya mtu mwingine. Labda yako. Akauliza kwa nini. Nikamwonyesha kwamba visahani vyote vimeota, na vimeota palepale nilipoziweka punje, si pembeni, si popote pengine. Uchafu wa hewani hauna nidhamu hiyo. Akanitazama, akasema basi, nisaini kwamba visahani ni mzigo wangu, na vikileta balaa ni balaa langu. Nimesaini. Juu ya kila kifuniko nimeandika kwa wino mwekundu: USIGUSE.

Sasa nisikilize. Kuna ujanja wa siku nyingi katika kazi yetu. Ukungu unaokataa kuzaa kwenye jeli yetu, uwekee kipande cha kile ulichokuwa ukikila kwao, na mara nyingine huzaa. Kwa ajili ya chui wako nilichemsha miiba nikaulazia juu. Kimya. Kwa ajili ya mamba wako nilishuka mwenyewe kwenye mfereji nyuma ya soko, na viatu vya kazini, nikakata matete huku wauza viazi wakinishangaa. Kimya. Nimeupikia ukungu wako vyakula viwili kutoka kwenye hadithi zako na umeviacha vyote mezani.

Vile vidonge navyo najua havijakusaidia. Mkaza mjomba ameniambia mguu haujapungua hata kidogo. Wewe hukuniambia.

Sitakuuliza tena baada ya leo. Nini kilikuchoma? Kama ni jambo la aibu, kumbuka mimi kazi yangu ni usaha. Sishtuki.

Bi Maswali


27 Machi

Mpwa wangu,

Ubao uliomo kwenye gunia hili ni wa fremu ya kochi.

Kochi lilikuwa kuukuu, limetelekezwa nje likanyeshewa, likaletwa kwangu livuliwe na kuvikwa upya. Nilikuwa nimesimama juu yake peku nang'oa misumari ya mgongoni. Panya akatoka kwenye katani.

Niliruka.

Nilitua juu ya mbao iliyovunjika na kibanzi kikazama unyayoni. Mke wangu alikitoa kwa koleo. Ni yeye tu aliyekuwepo. Tangu siku ile, kila niliposimulia chui mbele za watu, aliinama akaendelea kushona, na hakuwahi kunifichua. Kidonda kilipona haraka, kivimbe kilikuja baadaye sana, nikavitenganisha.

Fundi hatupi mbao ngumu, ndiyo maana ipo. Ni hiyo niliyotengenezea benchi la kupigia pini, na ubao huu nimeukata humo. Nimekuwa nikiikalia muda wote huu.

Panya alikuwa mdogo.

Cheka, ukimaliza fanya kazi.

Mjomba wako


18 Aprili

Mpwa wangu Bi Maswali,

Nakuandikia kutoka kitanda cha dirishani, ambacho hapa wodini hupewa watu wa hadhi, na mimi nilikipata kwa sababu aliyekuwa nacho ameenda nyumbani.

Homa ilinikamata ghafla nikaletwa na mkokoteni wa mteja, juu ya kochi lake mwenyewe, kwa hiyo niliingia hospitali nimekaa vizuri kuliko daktari yeyote. Bwana Msumeno anasema bakteria wameona mguu una milango wazi, wakaingia nao. Amenitundikia dripu mbili. Akasema mwisho wa Mei ni mbali, atakata keshokutwa.

Asubuhi alikuja na kalamu nene ya bluu akanichorea mstari kuzunguka mguu, juu ya kifundo, mstari mzuri, umenyooka. Mpwa wangu, mimi mstari ule naujua. Nimeuchora kwenye kitambaa maisha yangu yote, na sijawahi kuuchora halafu nisikate. Alipotoka nikamwomba jirani yangu anisogezee pamba na chupa ya spiriti kutoka kwenye toroli la muuguzi. Nikaufuta. Jioni akachora tena. Nikafuta tena. Ulinisimanga kwa ajili ya spiriti, sasa nakujulisha kwamba imepata kazi yake halali.

Mara ya tatu alikuja na kalamu lakini hakuifungua. Aliketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo wenyeji wa hapa wanasema hajawahi kulifanya. Akaniuliza kwa upole nangoja nini hasa.

"Nangoja jina," nikamwambia. "Liko njiani. Linaletwa na mpwa wangu."

Akasema jina halitaondoa homa. Nikamwambia ni kweli, lakini wewe unashika msumeno, mimi ndiye ninayeuvaa huo mguu. Mwishowe tukapatana: homa ikishuka kufikia kesho jioni, ananirudishia tarehe yangu ya Mei. Isiposhuka, anakata hata kama naimba. Nimeuona mkataba ni wa haki. Homa nimeipa maelekezo.

Nakuandikia na hili, kwa kuwa karatasi haikatizi mtu. Yule jirani yangu aliyenisogezea spiriti alikatwa mguu kabla sijaja. Anakuna kidole ambacho hakipo. Nilimsimulia chui, akacheka vizuri sana, akafuta machozi, kisha akainama akaendelea kukuna.

Mjomba wako, mwenye miguu miwili mpaka kesho jioni,
Jemadari


22 Aprili

Mjomba,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, na kabla sijaimaliza nimepiga simu wodini. Muuguzi amesema homa imeshuka na kwamba unawafundisha wagonjwa kubana vifungo kwenye mito ya hospitali. Nimekaa chini ndipo nikamalizia kusoma.

Ubao wako umefika. Nimeuchonga vijiti vyembamba, nikavipika kwa mvuke ili asiingie mgeni mwingine, nikavilaza juu ya ukungu. Mpaka leo hakuna mbegu. Ila nyuzi zimeanza kupanda kwenye vijiti. Kwenye miiba hazikupanda. Kwenye matete hazikupanda. Sijui kama ina maana yoyote, nakwambia tu.

Sasa mimi naomba kitu, na nakiomba kama mtoto wa dada yako. Daktari akisema sumu imeingia kwenye damu, mpe mguu. Usimfutie mstari wakati huo. Jina nitalitafuta hata ukiwa na mguu mmoja, nimeshasaini na sirudi nyuma, lakini nataka mtu wa kumsomea.

Na sikucheka kuhusu panya. Umesahau wewe. Nilikuwa mdogo, nimelala kwenye karakana yako, ukaninyakua ukaniweka juu ya meza ya kukatia, na wewe ukapanda ukasimama kando yangu na nyundo mkononi. Ukaniambia tunatazama mandhari. Tulitazama mandhari mpaka mkaza mjomba alipokuja na ufagio.

Bi Maswali


9 Mei

Mjomba, shikamoo.

Amegeuka. Nimemwona uso.

Juu ya vijiti vya fremu yako, na hapo tu, vimeota vichungu vyeusi vidogo mno, vyungu vya kuhifadhia mbegu, vina manyoya kama ya kiwavi. Nimekipasua kimoja kwenye tone la maji na mbegu zikamwagika chini ya hadubini, ndefu, zimegawanywa vyumba vyumba, ncha moja imechongoka. Nilikuwa nimeziona mbegu hizo kitabuni tu. Nimezipima, nimezichora, nimefungua kichungu kingine, nikakuta zilezile.

Mkuu aliketi kwenye kiti changu akatazama muda mrefu. Kisha akasema na yeye pia alikuwa anamjua kwa picha. Halafu akachukua kalamu yangu nyekundu, na chini ya maneno yangu kwenye kifuniko akaongeza kwa mkono wake: WALA USITUPE.

Jina lake nimekuandikia kwenye karatasi ya pili kwa herufi kubwa. Ni la Kilatini na ni refu kama gari moshi, litamke taratibu. Ni mmoja wa wale wa nadra. Vile vidonge vyako vya mwanzo tumemwekea kwenye kisahani, akaendelea kuota bila hata kugeuka. Dawa ya pili ilimsimamisha.

Nimempelekea Bwana Msumeno majibu yenye mhuri wa Mkuu, naye amenipigia simu. Si mtu mbaya, mjomba. Ameniuliza maswali mengi kuliko mimi. Amesema mguu wako aliuhukumu kama alivyofundishwa kuhukumu miguu ya namna hiyo, na kwamba ukianza dawa mpya sasa, na uvimbe ukikusanyika mahali pamoja, atautoa uvimbe auache mguu. Duara la Mei amelifuta.

Sikuahidi muujiza. Huenda ukapoteza kidole. Dawa utaimeza zaidi ya mwaka, na kila mara watakupima damu kuangalia ini. Ukiacha katikati kwa sababu umejisikia shujaa, atarudi, na sasa naye anakujua kwa jina.

Choma lile benchi. Lote.

Mpwa wako,
Bi Maswali


30 Novemba

Mpwa wangu Bi Maswali,

Kimya changu kisikutishe, nilikuwa natembea.

Jina nimelikariri. Lilinichukua muda kwa kuwa lina kona nyingi, mke wangu alinisikiliza kila asubuhi na kunisahihisha, na sasa yeye analijua kuliko mimi ingawa anakataa kulisema mbele za watu. Siku ya kuingia chumba cha upasuaji, wakati Bwana Msumeno ananiuliza kama nina neno lolote kabla ya dawa ya usingizi, nilimsomea mshtakiwa jina lake lote, herufi kwa herufi, nimelala chali, na kofia ya karatasi kichwani. Akasema, "Sasa tunaweza kuendelea." Wauguzi walisimama kwa heshima. Kweli walikuwa wamesimama tangu mwanzo, lakini walisimama zaidi.

Alitoa uvimbe wote pamoja na kifuko chake, mweusi ndani kama masizi. Kidole kidogo kilijitolea, nacho nimekisamehe, hakikuwahi kufanya kazi ya maana. Unyayo una kovu kama mshono wa fundi anayejifunza, nimemwambia hivyo, akaniomba nimfundishe, nikamwonyesha mshono uliofichwa wa kwenye mkono wa kochi. Anasema ameshautumia kwa mtu mwingine. Kwa hiyo ujue huko mjini kuna watu wanatembea na mshono wangu.

Dawa naimeza. Inachafua tumbo na naimeza. Juzi nilijisikia shujaa nikataka kuiacha, mke wangu akaiweka barua yako ya Mei mezani, kando ya glasi ya maji, akarudi kushona.

Benchi nimelichoma. Niliungoja moto mpaka mwisho, nimesimama, na viatu viwili. Kile cha kulia kimetoka dirishani, mbele ndani nimekishindilia sponji mahali pa kidole. Asubuhi hii nilipiga magoti chini ya kochi la wateja wapya nikavuta kitambaa mwenyewe. Nilikaa huko chini kupita mahitaji ya kazi.

Yule jirani yangu wa wodini alikuja karakana kwa magongo kutazama mguu wangu. Aliutazama sana. Nilidhani atanionea choyo, akaniuliza tu jina. Nikamsomea lote. Akaniambia aliyemla yeye hakuwahi kusomewa jina. Nimempa anwani yako. Ana mdogo wake mwenye kivimbe kwenye unyayo, ndiyo kwanza kimeanza kutoboka, mkata kuni. Risasi zitakufika wiki hii, kwenye maji ya dripu. Nilimsimamia muuguzi mwenyewe kuhakikisha. Na kilichomchoma nimekiuliza kwa ukali, nikamwambia asilete habari za chui, maabara haina pa kumwandika. Ni kuni, na kipande cha kuni hizo kimo.

Jambo la mwisho. Katika barua yangu ya Machi nilikuandikia kwamba yule panya alikuwa mdogo. Niliandika nikiwa na maumivu. Sasa nimepona, akili imetulia, nimekaa nikafikiri vizuri, nikapima kwa mikono mbele ya mashahidi. Alikuwa na ukubwa wa mbwa wa kufuga, na masikio yake yalikuwa yamesimama. Sahihisha kwenye kumbukumbu zako.

Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Ameinama, anaendelea kushona.

Mjomba wako, asimamaye kwa miguu miwili,
Jemadari wa Makochi